Kura Hazihami, Watu Ndio Huhama

Julai 2017, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, video ya sekunde tisini ilianza kuzunguka kwenye simu za Wakenya. Ndani yake hakukuwa na mtu anayeomba kura. Kulikuwa na picha za kutisha na safari ya kwenda mwaka 2020, kwenye Kenya ambayo Raila Odinga ndiye rais: njaa, magaidi, watu wakifukuzwa makwao. Ukiingia Google kutafuta habari za uchaguzi, ungeweza kukutana na tangazo la tovuti iliyotoa video hiyo, The Real Raila, limekaa juu kabisa ya majibu. Tovuti yenyewe haikusema nani kailipia.

Desemba ya mwaka huo, shirika la Privacy International lilionyesha kwamba ile ilikuwa kazi ya Harris Media, kampuni ya Texas, Marekani, iliyozoea kuwafanyia kampeni wanasiasa wa mrengo wa kulia. Machi 2018 ikaja nyingine. Channel 4 ya Uingereza ilirusha mazungumzo iliyoyarekodi kwa siri, na humo mkubwa mmoja wa Cambridge Analytica alikuwa akijigamba kwamba wao ndio waliokipa sura mpya chama cha Uhuru Kenyatta mara mbili, wakakiandikia manifesto, wakahoji watu 50,000 kwa awamu mbili. Jubilee ilikubali jambo moja tu: kwamba ilikodi SCL, kampuni mama ya hao jamaa, kwa kazi ya kukitengenezea chama sura.

Tangu siku hizo kuna hadithi tunayopenda kusimuliana. Kwamba kuna wazungu fulani na kompyuta zao, waliingia vichwani mwetu, wakabonyeza kitufe cha woga, tukapiga kura walivyotaka. Hadithi hii inatufaa wote. Aliyeshindwa anapata sababu. Aliyeshinda anaonekana mjanja. Kampuni inapata wateja wapya. Na sisi wapiga kura tunaonekana hatuna hatia.

Lakini je, ni kweli? Tangazo la kumchafua mtu linaleta kura?

Naomba niseme mapema kwa nini nauliza. Mimi ni mwandishi wa vibarua. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo iliposhinda nyumbani, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote kinacholipa: maelezo ya bidhaa, manukuu ya Instagram, hotuba za harusi, hata tanzia. Miezi kadhaa iliyopita nilipigiwa simu na mtu anayekusanya vijana wa kuandika mitandaoni kwa ajili ya kampeni za 2027. Kazi ilikuwa rahisi: akaunti tano, machapisho kadhaa kwa siku, yote kumhusu mtu mmoja anayetaka kiti kule kwetu Tana River. Sikutakiwa kumsifu mgombea wa upande wetu. Nilitakiwa kumchafua yule wa pili. Malipo ya wiki yalikuwa yanazidi kodi yangu ya mwezi.

Usiniambie hujawahi kupigiwa simu kama hiyo, au humjui aliyepigiwa. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Kenya, Odanga Madung na Brian Obilo, waliandika ripoti kwa ajili ya Mozilla kuhusu biashara hii. Walieleza jinsi vijana wanavyokusanywa kwenye makundi ya WhatsApp, wanapewa hashtegi na maneno ya kunakili, na wanalipwa dola 10 hadi 15 hivi kwa kazi ya siku. Miongoni mwa waliolengwa walikuwa majaji waliotoa uamuzi dhidi ya BBI. Hii ni ajira. Kwa wengine wetu ndiyo ajira pekee iliyowahi kutuita kwa jina.

Kwa hiyo sikumjibu yule bwana papo hapo. Nilimwambia anipe siku chache. Nikaanza kusoma.

*

Kitu cha kwanza unachokutana nacho ukisoma habari hizi ni msichana na ua. Tarehe 7 Septemba 1964, kampeni ya Lyndon Johnson kule Marekani ilirusha tangazo la televisheni la mtoto anayehesabu majani ya ua, kisha bomu la nyuklia linalipuka. Lilimlenga Barry Goldwater, mpinzani wake, bila hata kumtaja jina. Liliruka mara moja tu. Johnson akashinda kwa zaidi ya asilimia 60, na tangu hapo kila anayeuza matangazo ya kuchafuana anamtaja yule mtoto. Wanachosahau kusema ni kwamba Johnson alikuwa mbele kwa mbali hata kabla ua halijachumwa.

Kitu cha pili ni hesabu. Mwaka 2007 wasomi watatu, Richard Lau, Lee Sigelman na Ivy Brown Rovner, walizikusanya tafiti 111 kuhusu kampeni za kuchafuana na kuzipima kwa pamoja. Jibu lao lilinishangaza. Matangazo haya yanakumbukwa kuliko ya kujisifu, hilo kweli. Yanampunguzia heshima anayeshambuliwa, lakini yanampunguzia pia anayeshambulia. Ukijumlisha yote, hawakupata ushahidi kwamba yanaleta kura kwa aliyeyalipia. Hata ile hofu ya zamani kwamba yanawafanya watu wakate tamaa wasiende kupiga kura haikusimama vizuri. Walichokiona ni kwamba yanapunguza kidogo imani ya watu kwa serikali, na pengine furaha ya jumla.

Sasa, hizo ni tafiti za Marekani hasa. Huko tangazo linaingia sebuleni, mtu anakasirika, anabadilisha stesheni. Nilitaka kujua pwani yetu imejifunza nini. Na pwani ina darasa la zamani kuliko hilo.

*

Unguja na Pemba zilianza kupiga kura mwaka 1957. Miaka iliyofuata, mpaka Mapinduzi ya Januari 1964, wenyewe wanaiita zama za siasa, na mtu akikutamkia maneno hayo utasikia sauti yake inashuka. Hizbu, yaani ZNP, walikuwa na magazeti yao na ASP walikuwa na yao. Mwongozi liliegemea huku, Afrika Kwetu likaegemea kule. Upande mmoja uliwaambia watu: hawa wakishinda mtarudi utumwani. Upande wa pili ukajibu: hawa ni watu wa bara, wakishinda kisiwa kimekwisha. Watu waligomea maduka ya wenzao. Walihamishwa kwenye mashamba waliyolima miaka mingi. Kuna waliokataa kuzikana.

Tuangalie kura zenyewe. Januari 1961 kulikuwa na viti 22. ASP ilipata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Hakuna aliyeweza kuunda serikali imara, ikabidi kurudia. Kikaongezwa kiti kimoja ili kusiwe na sare. Miezi mitano ya kampeni ilifuata, na kwa maelezo ya wengi ilikuwa mikali kuliko yote iliyotangulia. Juni wakapiga tena. ASP ilipata 10. ZNP 10. ZPPP 3.

Rudia kusoma namba hizo. Miezi mitano ya matusi, na kilichobadilika ni kile kiti kimoja kilichoongezwa.

Kilichobadilika kingine ni kwamba ghasia zilianza siku ya kura, na mpaka zilipotulia watu 68 walikuwa wameuawa, karibu wote wenye asili ya Kiarabu. Miaka miwili baadaye, Julai 1963, ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31. Kilichofuata Januari 1964 unakijua.

Nilipofika hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba nilikuwa nauliza swali nusu. Nilikuwa nauliza kama matangazo yanahamisha kura. Zanzibar inajibu: kura hazikuhama. Watu ndio waliohama.

*

Turudi Kenya. Chukua neno moja: majimbo.

Mwaka 1963 KADU ya akina Ronald Ngala ilililia neno hilo kama ngao ya makabila madogo, ya kwetu Pwani yakiwemo. Hofu waliyoitangaza ilikuwa kwamba makabila makubwa ya KANU yatatumeza. KANU nao wakawapaka KADU kama vibaraka wa walowezi. Mei mwaka huo KANU ikashinda, na Novemba 1964 KADU ikajivunja. Neno likalala.

Lilipoamka vizuri ilikuwa 2007. Upande wa PNU ulisema majimbo ya ODM maana yake ni watu kufukuzwa walikonunua mashamba. Upande wa ODM, kwenye baadhi ya majukwaa, ukafanya hesabu ya "arobaini na moja dhidi ya moja", yaani makabila yote dhidi ya Wakikuyu. Agosti mwaka huo Raila alisaini mkataba na viongozi wa Kiislamu wa NAMLEF. Kabla mkataba wenyewe haujatolewa hadharani, ikazunguka nakala ya bandia iliyodai kwamba Raila ameahidi kuleta sharia. Makanisa yakashtuka. Na chini ya hayo yote kulikuwa na SMS, zile za "tuma kwa watu kumi", ambazo hakuna aliyejua zimeanzia wapi.

Nani alinufaika kwa kura? Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi ule, ilisema haiwezekani kujua nani alishinda. Lakini walichofanya watu baada ya matokeo kinajulikana: zaidi ya 1,100 waliuawa, laki kadhaa wakaacha nyumba zao. Wale waliotishwa kwamba majimbo ni kufukuzwa walifukuzwa kweli. Tangazo lilijitimiza, ila halikumsaidia aliyeliogopa.

Halafu kuna yale yaliyogeuka na kumng'ata aliyeyatuma. Februari 2013, kwenye mdahalo wa urais, Raila alimtania Uhuru kwamba kuongoza nchi kwa Skype kutoka The Hague kutakuwa na shida. Ukumbi ulicheka. Ilikuwa hoja halali kabisa, maana Uhuru na William Ruto walikuwa na kesi ICC. Lakini kwa wapiga kura wao, kila aliyeitaja The Hague, awe Raila au balozi wa nchi za nje, alionekana anawashambulia wao, sio wagombea wawili. Watu ambao mwaka 2007 walikuwa wakipigana wakajikuta kwenye foleni moja. Uhuru akapata asilimia 50.07.

Wilbaro nayo? Ruto alipoanza kuwagawia vijana wilbaro mwaka 2020, mitandao ilimcheka wiki nzima. Ati huyu ndiye anataka tuwe makuli. Yeye akaichukua ile kejeli, akaifanya nembo ya chama. Aliyekuwa anasukuma wilbaro kweli alisikia kicheko kile na akajua kinamhusu nani.

Na kuna yaliyoshindwa kabisa. Mwaka 2010, kabla ya kura ya maoni ya katiba, kampeni ya Hapana iliegemea woga wa aina mbili: kwamba katiba italeta utoaji mimba, na kwamba mahakama za Kadhi ni mlango wa kuifanya Kenya nchi ya Kiislamu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nakumbuka maneno hayo yakisemwa kanisani kwetu Idsowe kwa uchungu mkubwa. Sasa mahakama za Kadhi zilikuwamo kwenye katiba tangu uhuru. Ziliwekwa wakati Sultani wa Zanzibar alipouachia ukanda wa Mwambao, na hazikuwahi kumhukumu Mkristo yeyote. Tarehe 4 Agosti zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura walisema Ndiyo, na Pwani ilikuwa mstari wa mbele.

Kwa hiyo tangazo lilishindwa. Lakini mimi mtoto nilitoka kanisani siku ile nikijua jambo ambalo sikulijua nilipoingia: kwamba Waorma tunaonunua maziwa kwao ni watu wa kuogopwa.

*

Idsowe iko karibu na Garsen, kando ya barabara iendayo Lamu. Sisi wengi ni Wapokomo. Tunalima ukingoni mwa Mto Tana: mpunga, ndizi, maembe. Waorma na Wawardei wanafuga. Kiangazi kikikaza, ng'ombe lazima wafike mtoni, na njia zao za kuteremkia majini zinaitwa malka. Mashamba yetu yako kwenye ukingo uleule. Hilo ndilo tatizo lote, na ni la zamani kuliko chama chochote. Wazee wana taratibu zao za kulishughulikia: kwetu kuna Gasa, kwa Waorma kuna Matadeda, na wakikaa pamoja mara nyingi wanaelewana ng'ombe wapite wapi na lini.

Mambo huharibika nje ya kikao hicho. Karibu mwaka 2000 ulikuja mpango wa kupima ardhi na kutoa hati. Mkulima aliuona ni haki yake. Mfugaji aliona malka zinafungwa. Mapigano ya 2001 yaliua watu wengi, na uchaguzi ulikuwa mwaka uliofuata. Kisha ikaja katiba mpya na kiti cha gavana, chenye bajeti ambayo Tana River haikuwahi kuiota. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa Machi 2013.

Nataka niwe mwangalifu hapa. Mauaji ya 2012 hayakuletwa na maneno peke yake. Kulikuwa na ukame, kulikuwa na bunduki, kulikuwa na ardhi kubwa ya delta iliyokwishaahidiwa miradi ya miwa na mafuta ya mimea, wakulima na wafugaji wakabaki wanabanana kwenye kilichosalia. Lakini maneno yalikuwapo, na yalikuwa na umbo lilelile la Zanzibar. Huku: wale wakichukua ugavana, mashamba yenu yatakuwa malisho. Kule: wale wakichukua ugavana, mto utafungwa. Hakuna aliyehitaji kampuni ya Texas. Hakukuwa na bango hata moja lenye maneno hayo. Yalitembea kwa mdomo, kwa simu za kabambe na kwa yale yanayosemwa baada ya mkutano, kipaza sauti kikishazimwa.

Tarehe 22 Agosti 2012, Riketa, watu 52 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba, Kilelengwani, polisi wakiwa miongoni mwa waliouawa. Amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Tarehe 21 Desemba, Kipao. Mpaka mwaka unaisha waliouawa walikuwa wamepita 100, na maelfu wamekimbia. Tume ikaundwa, chini ya Jaji Grace Nzioka.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Watu wakiniuliza ninachokumbuka wanataka moshi na milio ya risasi. Nakumbuka maziwa. Akina mama wa Kiorma walikuwa wakija asubuhi na madumu yao, wanamwita nyanya yangu kwa jina, wanapima, wanaondoka na maembe. Siku moja hawakuja. Wiki ikapita. Tukanywa chai ya rangi mpaka mwaka ukaisha, na hakuna mtu mzima aliyetueleza kwa nini, kama vile kila mtoto anapaswa kujua.

Na kura? Machi 2013 Hussein Dado, Mworma, akawa gavana wa kwanza. Mwaka 2017 Dhadho Godhana, Mpokomo, akamwondoa, na 2022 akarudi kwa tiketi ya ODM, wakati kiti cha seneta kikienda kwa Danson Mungatana wa UDA. Ukiwauliza watu wa delta kilichoamua chaguzi hizo, watakupa hesabu za miungano: Wawardei wameegemea wapi safari hii, nani kagawanya kura za nyumbani, nani kamwachia nani. Hakuna atakayekwambia, "Nilikuwa na huyu, nikasikia jambo baya, nikamhama." Gavana wa Kiorma alipoingia, mashamba hayakugeuka malisho. Gavana wa Kipokomo alipoingia, mto haukufungwa. Ile vitisho yote ilipimwa, mara mbili, na mara mbili ikaonekana ni uongo. Waliozikwa Riketa hawakupata nafasi ya kuona matokeo ya kipimo.

*

Kuna atakayesema: basi tuache kabisa kusemana vibaya, tufanye siasa za kupendana. Sikubaliani. Nchi ambayo hakuna anayemsema vibaya mtawala tumeshaiishi, na wazazi wetu walinyamaza humo miaka mingi.

Fikiria "Zakayo". Hakuna kampuni iliyolipwa kumbandika Ruto jina hilo. Lilitoka kwa watu waliokuwa wanaona makato kwenye payslip zao, wakamkumbuka mtoza ushuru wa kwenye Biblia aliyepanda mti. Ni jina la kuchafua, bila shaka. Lakini linashambulia kitendo. Mkalenjin anaweza kuliimba, Mkikuyu analiimba, mimi Mpokomo nimeliimba barabarani. Tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya vijana kuingia Bungeni na wengine kupigwa risasi, muswada wa fedha uliondolewa. Jina peke yake halikufanya hivyo. Ila liliwakusanya watu bila kumgeuza jirani yeyote kuwa adui.

Sasa liweke kando ya orodha iliyotolewa na tume ya uwiano, NCIC, Aprili 2022, ya maneno ya kuchunga wakati wa kampeni: madoadoa, kwekwe, mende, wakuja, wabara waende kwao. Yasome tena. Hakuna hata moja linalosema mtu amefanya nini. Yote yanasema mtu ni nani. Doa linafutwa. Kwekwe inang'olewa. Mende anapuliziwa dawa. Mkuja anarudishwa alikotoka. Kila neno tayari lina kitendo ndani yake, na kitendo chenyewe hakifanyiwi mgombea, maana mgombea ana walinzi. Kinafanyiwa yule anayefanana naye, anayeishi karibu nawe.

Mstari ninaouona mimi ni huo. Tangazo linalosema "huyu amekula pesa za dawa" laweza kuwa kweli au uongo, na laweza kujibiwa kwa risiti. Tangazo linalosema "hawa wakishinda tumekwisha" halina risiti. Mtu anajibuje kwamba yeye si yeye? Na kwa kuwa halijibiki, halimbadilishi yeyote. Aliye upande wako analikubali kabla hajamaliza kulisoma, aliye upande wa pili analichukia, na aliye katikati anahesabu watoto wake.

Yule bwana wa kampeni alinipigia tena baada ya siku tano. Nilimwambia nitaandika, ila kwa sharti moja: anipe ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti, za miaka yote, niandike kuhusu miradi iliyolipiwa na haionekani, bila kujali inamgusa nani. Zipo hadharani, hata sikuhitaji yeye anitumie.

"Kijana," akasema, "nani atashare PDF?"

"Nitazifupisha, mzee. Niko poa na lugha."

"Sasa hizo zikimgusa mtu wetu?"

Sikujibu haraka vya kutosha. Alicheka kidogo, kwa upole kabisa, akaniambia vijana wako wengi. Ni kweli. Kuna mtu anaifanya kazi hiyo sasa hivi, pengine ananizidi uandishi, na kodi yake imelipwa. Yangu bado.

Najua atakachoambiwa aandike, kwa sababu mimi niliambiwa kabla yake. Na najua atakapopima kazi yake atahesabu alichofundishwa kuhesabu: wangapi wameona, wangapi wamesambaza, wangapi wametukana kwenye maoni. Namba zitapendeza. Mgombea wake atazionyesha kwa mgombea mwenza kama ushahidi kwamba pesa imefanya kazi.

Kwetu kuna kipimo kingine. Maziwa yalirudi Idsowe, polepole, mama mmoja kwanza, halafu wawili. Walirudi bila kutangazwa na mtu yeyote. Walikuja tu asubuhi moja wakauliza maembe yameiva au bado. Msimu wa kampeni za 2027 ukikolea, nitampigia nyanya simu, na sitamuuliza nani anaongoza. Nitamuuliza kama anakunywa chai ya maziwa au ya rangi.